Vidole vya Nani

Mimi ni fundi wa viatu, Walukuba.
Sijawahi kupanda farasi, wala sina hamu.
Lakini ngozi ni ngozi. Siku Kagoya
alipovuka daraja kutoka Njeru, gunia la hatamu mgongoni,
nilidhani ameniletea mikanda ya suruali
ya ukoo wa majitu.

Akazimwaga mezani. Harufu ya jasho na majani.
Huu, akasema, ni wa kawaida. Unazunguka pua
chini kidogo ya mfupa wa shavu, na haumwambii farasi neno;
ni adabu tu, kama tai ya mwalimu.
Huu una mtoto: ukanda mwembamba unaoteremka
mbele ya lijamu, kumfumba mdomo.
Huu mwingine hukaa chini, karibu na pale
mfupa unapoishia na pua kuanza kulainika.
Ukikosea kidogo unamziba pumzi.
Huu umepishana kama alama ya kosa kwenye daftari,
na pale unapopishana mtie manyoya ya kondoo
asichubuke.
Na huu (aliushika kwa ncha za vidole)
unapita kwenye pete, unajirudia,
mvuto wa mtu mmoja ukawa wa wawili.

Kipimo? nikauliza. Fundi huanza na kipimo.
Vidole viwili, juu ya mfupa. Si ubavuni,
ubavuni pana nyama, panadanganya.

Nikautazama mkono wangu wa kulia.
Kiwanda cha ngozi kilibaki na viwili
siku mashine ilipokwama nami nina haraka.
Vilivyosalia ni vinene kama gonja.
Vya Kagoya vyembamba, vya kusuka nywele.
Vidole viwili vya nani?
Alicheka. Alikuwa na mikanda mitatu ya kushonwa
na mvua ilikuwa inakuja.

Mwezi wa tatu akaja Isabirye mwenyewe kwa bodaboda,
yule anayewafundisha vijana kuruka viunzi.
Fundi, nitobolee tundu moja zaidi.
Namusisi ananipanulia mdomo kila nikimshika.
Nikatoboa. Pigo moja la nyundo,
shilingi elfu mbili, na chenji nikampa.

Sikuliwaza tena lile tundu
mpaka siku nilipopeleka tandiko lililopasuka.
Namusisi alikuwa kwenye kivuli cha zizi, kahawia, mrefu,
na juu ya pua yake mstari wa nywele nyeupe
kana kwamba mtoto amempitishia chaki.
Nikagusa. Palikuwa na bonde.
Kidole changu kililala humo, kikatosha,
kama mguu kwenye kiatu nilichoshona mwenyewe.

Kagoya akajaribu kupenyeza vidole vyake vyembamba.
Hata kimoja hakikupita.
Siku hizi ametulia, Isabirye akasema,
akampiga shingoni kwa upendo.
Ule upendo ndio ulionichosha.

Sikugombana naye. Nilimwomba aweke mkono juu ya karatasi
kama ninavyowafanyia wateja nyayo,
nikachora vidole vyake viwili, kucha na vyote.
Akadhani namshonea glavu.
Nikachonga kabari ya mvule, unene uleule,
nikaitoboa, nikaitia kamba,
nikaitundika kwenye msumari palipo na hatamu.
Ni vyako, nikamwambia. Mkanda usipoipitisha,
umejikataza mwenyewe.

Alikaa kimya muda mrefu. Akaigeuzageuza.
Kisha akaniomba kisu.

Kile kipande chenye tundu ninacho bado, droo ya misumari.
Nikikielekeza mlangoni naona mwanga
wa ukubwa wa punje ya mtama.

Juzi jioni simu ililia. Kagoya.
Hakuna salamu. Kwanza kishindo cha kwato,
halafu kitu kirefu, chenye unyevu,
kikafunguka, kikafunguka zaidi,
meno yakagongana.
Umesikia? akauliza. Amepiga miayo.